Kozi ya chuo na sayansi ya data: dhana potofu na ukweli

Wanafunzi wanaojaza maombi ya chuo huniuliza: "Nisome nini ili niwe mwanasayansi wa data?" Yaani mtu anayetumia takwimu na kompyuta kupata majibu kutoka kwenye data. Swali hilo nalipenda. Kinachonisikitisha ni majibu wanayokuja nayo tayari kichwani, kwa sababu nimeona mtu akiacha kozi iliyomfaa kabisa kwa kuamini mojawapo ya haya.

Dhana: Lazima cheti kiandikwe "Sayansi ya Data".

Kazi hii ina umri mkubwa kuliko jina lake. John Tukey, mwanahisabati wa Marekani, aliandika mwaka 1962 kwamba uchanganuzi wa data ni sayansi inayojitegemea. Cheo chenyewe cha "mwanasayansi wa data" kilianza kuvuma mwaka 2008 kupitia DJ Patil wa LinkedIn na Jeff Hammerbacher wa Facebook, na wote wawili walisomea hisabati.

Siku hizi kozi zenye jina hilo zipo, na baadhi ni nzuri sana. Ila usiishie kwenye jina. Omba orodha ya masomo ya kila mwaka uisome mstari kwa mstari: uwezekano (probability), takwimu, kalkulasi, aljebra mstari (linear algebra), kuandika programu, hifadhidata (database). Kozi yenye haya inakufaa hata ikiitwa Uchumi au Fizikia. Ukikuta imejaa majina ya zana za kompyuta huku takwimu ni somo la muhula mmoja tu, mimi nisingekushauri uichukue.

Dhana: Ukijua kuandika programu, umemaliza.

Hii ndiyo inayodanganya wengi, basi tuitazame kwa karibu. Mwaka 1973, wanaume 8,442 waliomba kusoma shahada za juu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na asilimia 44 wakakubaliwa. Kati ya wanawake 4,321, waliokubaliwa ni asilimia 35. Programu ya mistari miwili inatosha kukupa hesabu hiyo, na ungeandika ripoti kwamba chuo kinawabagua wanawake.

Sasa tenganisha takwimu hizo idara kwa idara. Katika mojawapo ya idara kubwa, wanawake waliokubaliwa walikuwa asilimia 82, wanaume asilimia 62. Katika idara nyingi haikuonekana tofauti ya maana. Kilichotokea ni kwamba wanawake wengi waliomba idara zenye ushindani mkali, ambako hata wanaume wengi walikataliwa. Uchambuzi huo ulichapishwa mwaka 1975, na hadi leo hufundishwa madarasani. Kompyuta haikukosea popote, na wala isingekuonya. Anayekuonya ni somo la takwimu ulilolisoma ukalielewa.

Dhana: Aliyesoma biolojia, kemia au uchumi amepotea njia.

William Gosset alisoma kemia na hisabati Oxford, kisha mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Sampuli alizokuwa nazo zilikuwa chache mno kwa mbinu za wakati ule, naye akabuni njia ya kuzipima. Aliichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia la "Student", na jaribio la t linalotokana nayo (kipimo cha kuona kama tofauti kati ya wastani mbili ni ya kweli au ya bahati tu) limo katika kila programu ya takwimu ninayoijua.

Anayeijua fani yake huona yasiyoonekana kwa wengine. Chukua jedwali la wagonjwa 100. Wagonjwa 97 wana wastani wa umri wa miaka 30, na watatu ambao umri wao haukujulikana wameandikiwa 999. Wastani unaruka hadi 59. Aliyezoea wagonjwa wa kliniki ile atashtuka papo hapo na kurudi kwenye safu ya umri. Asiyewajua ataipeleka 59 kwa mkuu wake. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kusafisha data kwa namna hiyo, na hakuna kozi inayokuondolea.

Dhana: Bila kipaji cha hesabu, usijaribu.

Unachohitaji ni uvumilivu wa kurudia swali hadi ulielewe. Wengi walioanguka somo la uwezekano mara ya kwanza wamelifaulu mara ya pili.

Dhana: Shahada ya kwanza haitoshi.

Inategemea kazi. Nafasi za utafiti mara nyingi hudai uzamili au uzamivu, lakini nafasi za uchanganuzi huchukua wengi wenye shahada ya kwanza, mradi waonyeshe kazi waliyoifanya kwa mikono yao. Kwa hiyo kama tayari uko mwaka wa pili wa kozi nyingine, usikimbilie kuhama. Tumia masomo ya hiari kuchukua takwimu na hifadhidata, kisha mradi wako wa mwaka wa mwisho uufanye kwa data halisi ya fani yako, hata kama ni chafu. Hasa kama ni chafu.