Tunda la Roho haligawanywi kama zamu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila mara: kwamba Roho huwagawia waamini matunda tisa, huyu upole, yule furaha, hivyo usijilaumu kwa hasira zako kwa kuwa "tunda lako ni jingine". Mwishoni unaombwa uwatumie watu tisa.

Sivyo Biblia isemavyo. Fungua Wagalatia 5:22-23 usome taratibu. Imeandikwa "tunda la Roho", umoja, na neno la Kigiriki lililotumika hapo, karpos, nalo liko katika umoja. Kisha zinatajwa sifa tisa, kuanzia upendo hadi kiasi, yaani kujitawala. Ni tunda moja lenye sifa zote hizo, na linakusudiwa kwa kila aaminiye. Linganisha na mistari michache nyuma, 5:19, ambapo "matendo ya mwili" yako katika wingi, si umoja.

Watu huchanganya jambo hili na karama, yaani vipawa vya Roho. Katika 1 Wakorintho 12 karama ndizo zinazogawanywa: mmoja hupewa hili, mwingine lile. Tena sisi wenyewe tumezoea kusema "matunda ya Roho", basi kosa linaingia kirahisi, bila nia mbaya.

Linaloniumiza ni mtu kuambiwa kwamba uvumilivu si fungu lake, akaacha kuuomba na kuufanyia mazoezi nyumbani kwake. Tunda hukua polepole, na wa kwanza kuliona ni wale tunaoishi nao.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mtumie mistari hiyo yule aliyekuletea ujumbe, kwa upole, aisome mwenyewe.