Tairi la spoti: maana yake, na lipi lifae gari lenye nguvu katika barabara za Kusini

Tairi la spoti ni tairi lililoundwa ili lishike lami kwa nguvu zaidi na lihimili joto kubwa zaidi kuliko tairi la kawaida, na gharama ya sifa hizo ni kwamba huisha upesi na huuzwa ghali. Maana hiyo inafaa ishikwe mapema, kwa sababu madukani, iwe Mtwara mjini au Lindi, jina hilo hupewa tairi lolote pana lenye ukuta mfupi, yaani ubavu mfupi kati ya rimu na lami. Upana na ufupi ni umbo tu. Haviuelezi mpira wenyewe, na mpira ndio unaonunuliwa.

Tuchukue mfano wa Subaru Impreza WRX STI ya toleo la 2008, gari la takriban tani moja na nusu lenye nguvu za farasi zipatazo 300, ambalo kiwandani lilivishwa matairi ya kipimo cha 245/40 R18. Kila tairi hubeba wastani wa kilo 375. Upepo ukiwa PSI 33, yaani takriban kilo 2.3 kwa kila sentimita ya mraba, sehemu ya tairi inayogusa lami huwa na eneo la sentimita za mraba 160 hivi, karibu sawa na kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kila kitakachofanywa na injini, breki na usukani hupitia katika maeneo hayo manne, na nguvu yoyote inayozidi uwezo wake huishia kuzungusha gurudumu bure. Kwa upepo uleule, tairi pana zaidi haliongezi sana eneo hilo, bali hulibadilisha umbo: huwa pana kwa ubavu na fupi kwa urefu, jambo linalosaidia gari katika kona.

Mpira hushika lami kwa njia mbili. Kwanza hunata juu ya uso wa lami. Pili hubonyea na kuingia katika vinundu vidogo vya kokoto, kisha huchelewa kurudi katika umbo lake, na kuchelewa huko ndiko kunakozuia kuteleza. Mpira laini hufanya yote mawili vizuri, lakini kubonyea na kurudi kwake huzalisha joto, na joto likipita kiasi mpira hulegea na kuchunika. Kwa hiyo kila mchanganyiko wa mpira una kiwango cha joto ambacho uliundwa ufanye kazi ndani yake. Hapa ndipo msomaji wa pwani ya Kusini anapopaswa kuwa makini kuliko mnunuzi wa nchi ya baridi, kwa maana lami ya Mtwara saa nane mchana huwa na joto kubwa kabla gari halijaanza hata kutembea.

Kosa linaloonekana mara nyingi huja pamoja na gari lenyewe. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani hufika yakiwa na matairi ya theluji, ambayo ubavuni huandikwa STUDLESS au huwa na alama ya mlima wenye kipande cha theluji. Kashata zake, yaani vipande vya mpira vinavyogusa lami, ni nene na zimekatwa mistari midogo midogo mingi, kwa hiyo mwenye gari huziona mpya akafurahi. Mpira huo ulichanganywa ili ubaki laini kwenye baridi ya kugandisha maji. Kwenye joto letu huwa laini kupita kiasi, gari huyumba likikata kona, breki huchukua umbali mrefu zaidi na kashata huliwa haraka. Mengi kati ya matairi hayo hubeba herufi Q, maana yake mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa. Kwa gari la nguvu za farasi 300, hayo ni ya kuvua siku ya kwanza.

Herufi hizo za mwendo ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko maandishi mengine yote ya ubavuni. Katika 245/40 R18 97Y, 245 ni upana kwa milimita, 40 ni asilimia ya upana huo inayotoa kimo cha ukuta, yaani milimita 98, na 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 97 inamaanisha mzigo wa kilo 730 kwa tairi moja, na Y ni kilomita 300 kwa saa. W ni 270, V ni 240, H ni 210. Mtu huuliza, kwa haki kabisa, mwendo huo ataukimbia wapi kati ya Mtwara na Mingoyo. Hatakimbia popote, wala hapaswi. Ila herufi hiyo ni ushahidi kwamba tairi lilihimili joto la mwendo huo katika majaribio, na uwezo huohuo ndio unaolilinda gari likiwa limepakia watu na mizigo kwenye safari ndefu ya jua kali.

Namba nyingine yenye manufaa ni ile ya TREADWEAR, inayotokana na utaratibu wa Marekani. Tairi la kulinganishia ni 100, na tairi lenye 300 hutarajiwa kudumu mara tatu yake katika jaribio. Kwa kuwa namba hii hupangwa na kiwanda chenyewe, haifai kulinganisha kampuni moja na nyingine kwa ukali, lakini inatoa picha: 200 kushuka chini ni matairi yanayoelekea viwanja vya mashindano, karibu 300 ni spoti ya barabarani, na 400 kwenda juu kwa kawaida ni ya safari. Kwa maoni yangu, hapa Kusini matairi ya 200 ni fedha ya kutupa. Mengi yake yana mifereji michache isiyotoa maji ya kutosha, na masika yetu, kuanzia Desemba hadi Aprili, huacha madimbwi barabarani na udongo mwekundu ulioletwa na maji. Tairi pana huelea juu ya maji mapema kuliko jembamba, na likianza kuelea, usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazina kazi. Tairi jipya la spoti huwa na kashata za milimita 8 hivi; zikibaki 3, kwa gari la namna hii ni wakati wa kubadilisha, ingawa sheria za Ulaya huruhusu hadi 1.6.

Jambo la ukuta lina uzito wa pekee huku kwetu. Barabara ya Masasi hadi Mtwara hupitiwa na malori ya korosho na ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayokwenda bandarini, na penye malori mazito mashimo hayakosekani. Gurudumu likiingia shimoni, ukingo wa rimu huubana ukuta, nyuzi za ndani hukatika, na baada ya siku chache hutokea uvimbe ambao fundi hawezi kuuziba. Vijana wanaopandisha rimu hadi inchi 19 kwa ajili ya urembo hujiongezea hatari hiyo. Njia ya busara ni kushuka: 245/45 R17 ina ukuta wa milimita 110, ilhali kipenyo chake chote kinatofautiana na cha 245/40 R18 kwa chini ya milimita moja, hivyo hata spidomita haidanganyi. Sharti ni rimu ya 17 ikwepe kalipa za breki, yaani vibanio vya breki vilivyo ndani ya gurudumu, na hilo hupimwa kwa kuivalisha kabla ya kulipa.

Kabla ya kulipa pia, tafuta tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka sita dukani halina tena mpira uliotangazwa, hata kama kashata zake hazijaguswa. Kwa gari linalovuta magurudumu yote manne, kama hiyo STI, nunua manne kwa pamoja na ya aina moja, kwa sababu tofauti ya mzingo kati ya mbele na nyuma huifanyisha difu ya kati, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kazi isiyokoma hadi ichakae. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva; ukisoma PSI nne zaidi ukifika Lindi adhuhuri, usiutoe.