Je, wajua kwa nini Norwei ilipeleka Kiswahili Eurovision?

Tarehe 10 Mei 2011, mjini Düsseldorf, Ujerumani, msanii wa pili kupanda jukwaani katika nusu fainali ya kwanza ya Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya, alikuwa binti mzaliwa wa Nairobi. Beti zake zilikuwa za Kiingereza. Kiitikio kilipofika, watazamaji wa Ulaya nzima wakasikia methali ambayo sisi tumefundishwa tangu darasa la kwanza: haba na haba hujaza kibaba. Wimbo wenyewe uliitwa "Haba Haba". Lakini aliyeuimba hakuja kwa jina la Kenya wala Tanzania. Aliwakilisha Norwei.

Ilikuwaje?

Kwanza tuelewe shindano lenyewe. Eurovision lilianza mwaka 1956 huko Lugano, Uswisi, chini ya umoja wa mashirika ya utangazaji ya Ulaya unaojulikana kama EBU. Kila nchi hupeleka wimbo mmoja usiozidi dakika 3, jukwaani wasizidi watu 6, na sauti ya mwimbaji lazima iwe ya papo kwa papo. Kisha nchi hupeana alama: 12 kwa wimbo ulioipendeza zaidi, 10 kwa unaofuata, halafu 8 kushuka hadi 1. Hakuna anayeruhusiwa kujipigia kura. Tunasema "nchi", lakini anayeshiriki hasa ni shirika la utangazaji. Kwa Norwei ni NRK, na kila mwaka NRK hutafuta mwakilishi wake kupitia shindano la nyumbani liitwalo Melodi Grand Prix.

Msanii huyo ni Stella Mwangi, ambaye mashabiki wa rap wanamjua pia kama STL. Alizaliwa Nairobi mwaka 1986, na familia yake ikahamia Norwei angali mdogo. Alikulia Eidsvoll, kaskazini mwa Oslo. Ukimtajia Mnorwei Eidsvoll, atakumbuka katiba ya nchi yake, maana ndiko ilikotiwa saini tarehe 17 Mei 1814, na siku hiyo ndiyo sikukuu yao ya taifa hadi leo. Kwa hiyo wimbo ulioipeleka methali ya Kiswahili Ulaya uliimbwa na mtoto wa mji ambao Wanorwei wanauhesabu kuwa chimbuko la taifa lao. Mimi kila nikilifikiria jambo hili nafurahi upya.

Wengi hudhani kikwazo kingekuwa uraia au mahali pa kuzaliwa. Hapana. EBU haijaweka sharti lolote kuhusu asili ya mwimbaji. Céline Dion, Mkanada, aliishindia Uswisi mwaka 1988. Norwei yenyewe ilipata ushindi wake mkubwa kuliko wote mwaka 2009 kupitia Alexander Rybak, aliyezaliwa Minsk, Belarus, na kukulia Norwei. Alikusanya alama 387, rekodi ya wakati ule.

Kikwazo cha kweli kilikuwa lugha, na hapa ndipo kalenda inapokuwa na maana. Miaka ya mwanzo hapakuwa na kanuni ya lugha. Mwaka 1965 Uswidi ikaimba Kiingereza, wengine wakalalamika, na kuanzia 1966 kila nchi ikatakiwa kuimba kwa lugha yake ya taifa. Kanuni ikalegezwa mwaka 1973, na ndiyo maana ABBA, bendi ya Uswidi, waliweza kushinda kwa Kiingereza mwaka 1974. Ikarudishwa 1977. Ikaondolewa tena mwaka 1999, na haijarudi. Kama Stella angekuwa amezaliwa miaka kumi na mitano mapema, akaandika wimbo uleule na kuupeleka mwaka 1996, usingepita: Norwei ingelazimika kuimba Kinorwei.

Ila hata wakati wa kanuni kali, Norwei ilijua kupenyeza sauti nyingine. Mwaka 1980, kule The Hague, Uholanzi, walileta wimbo "Sámiid ædnan", maana yake nchi ya Wasami. Wasami ni wenyeji wa kaskazini ya mbali, na siku zile walikuwa katika mvutano mkali na serikali kuhusu bwawa la umeme kwenye mto Alta. Sverre Kjelsberg aliimba kwa Kinorwei, kisha akaingia Mattis Hætta na joik, uimbaji wa jadi wa Wasami. Walimaliza wa 16 kati ya nchi 19. Usiku uleule, jukwaa lilelile, Moroko ilishiriki kwa mara yake ya kwanza na ya pekee, Samira Bensaid akaimba kwa Kiarabu, akawa wa 18. Kwa hiyo Afrika ilikuwa imekwisha kusikika Eurovision miaka 31 kabla ya "Haba Haba".

Sasa turudi kwenye methali. "Haba" ni kidogo, hilo halina shida. "Kibaba" ndilo neno ambalo vijana wengi wanalitaja bila kuwahi kukiona. Ni kipimo cha nafaka cha zamani: unachota mchele au mtama kwa chombo, kikijaa ni kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Waislamu wa pwani bado husikia pishi ikitajwa mwisho wa Ramadhani, katika hesabu ya zaka ya fitri. Methali inaongelea punje zinazodondoka moja moja mpaka chombo kinafika ukingoni, na wimbo umeifuata maana hiyohiyo: ni nasaha za bibi kwa mjukuu wake, kwamba lolote analolitaka atalifikia, mradi aende hatua kwa hatua.

Na sikio la mgeni lingelishikaje? Kirahisi sana, naamini. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa vokali, mdomo haugongani na konsonanti. "Ha-ba, ha-ba": mtu wa Bergen au Trondheim analisikia mara moja, mara ya pili anaitikia.

Na waliitikia. Februari 2011, katika ukumbi wa Oslo Spektrum, watazamaji wa Norwei walipiga kura zao, na "Haba Haba" ikashinda Melodi Grand Prix. Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Kuondolewa kwa kanuni ya lugha mwaka 1999 kulifungua njia tu. Waliokipeleka Kiswahili Düsseldorf ni Wanorwei wa kawaida waliokaa sebuleni kwao, wakauchagua wimbo ule mbele ya nyimbo nyingine zote za mwaka huo.

Huko Düsseldorf bahati hiyo haikuwepo. Alama 30, nafasi ya 17 kati ya 19, nyuma yake Ureno na Poland peke yao. Stella hakufika fainali, ambayo ilichukuliwa na Azerbaijan. Nadhani kuimba wa pili kulimponza: nyimbo 17 zilifuata, na mpaka kura zinafungwa, mengi ya mwanzo yalikuwa yamesahaulika. Ila sikubaliani na wanaoiita safari ile kushindwa. Kwa dakika tatu Kiswahili kilikaa sawa na lugha za Ulaya kwenye jukwaa lao wenyewe, tena kikiwa na methali yake mdomoni.

Jambo moja ndilo linaloniuma. Usiku ule, ndugu na jamaa waliokuwa Kenya wangeweza kushangilia wapendavyo, lakini kura hawakuwa nayo, kwa kuwa ni nchi shiriki tu zilizopiga. Kanuni hiyo ilibadilika mwaka 2023. Tangu hapo mtazamaji wa nchi isiyoshiriki, awe Mombasa, Mwanza au Goma, anaweza kulipia kura yake mtandaoni, na kura zote za walio nje huunganishwa na kuhesabiwa kana kwamba ni za nchi moja, yenye alama 12 zake za kutoa.