Je, wajua kwa nini shilingi mia bado inapanga bei dukani?

Hapa Tanzania kuna wanaoiona sarafu kama mzigo wa mfukoni tu, ya kumwachia mtoto au kutupia kwenye kibubu. Kwa mwenye kununua vitu vya laki moja hilo ni sawa. Kwa anayenunua sukari robo, kiberiti na mafuta ya kupima, sarafu ndogo kabisa inayokubalika mtaani ndiyo inayoamua bei ikipanda itaruka hatua gani.

Chukua andazi la shilingi 200. Unga umepanda, na gharama ya andazi moja imeongezeka kwa shilingi 15. Mama muuza maandazi hawezi kuuza kwa 215, maana sarafu za 5, 10 na 20 hazionekani tena kwenye biashara. Kama sarafu ya 50 ipo mikononi mwa watu, atauza 250, yaani nyongeza ya asilimia 25. Kama 50 nayo imeadimika, hatua inayofuata ni 300, asilimia 50 nzima, na wateja watamkimbia. Basi anabaki kwenye 200 na kupunguza donge. Fungu la nyanya nalo huenda hivyohivyo: linabaki 500, ila zilizokuwa nyanya tano sasa ni nne. Bei haikupanda machoni, imepanda tumboni.

Sarafu yenyewe hupotea kwa sababu inasafiri upande mmoja. Hutoka benki, inafika dukani, mteja anapewa, halafu inalala kwenye kibubu, droo au dashibodi ya gari. Noti ya elfu kumi hairuhusiwi kulala, ina kazi nyingi. Sarafu ya 50 peke yake hainunui kitu cha maana, kwa hiyo mwenye nayo hana haraka ya kuirudisha. Ya 500 ina bahati zaidi. Ilitolewa mwaka 2014 kuchukua nafasi ya noti ya 500, iliyokuwa ikichakaa upesi kwa kupita mikono mingi, na jero moja bado inanunua kitu.

Nauli za daladala pia zimeongeza njaa ya chenji. Hadi Desemba 2023, safari ya mjini isiyozidi kilomita 10 ilikuwa 500: sarafu moja, mambo yameisha. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, ilipopandisha hadi 600, kila abiria anayetoa buku anamdai konda 400. Ndiyo maana konda anazikumbatia mia mbili zake, na ndiyo maana jioni, akishafunga hesabu, yeye ndiye mtu wa kwanza wa kumwendea ukitafuta chenji. Wengine ni mama ntilie na wahesabu sadaka wa kanisani au msikitini. Benki nazo hutoa sarafu, ila nenda mapema na useme aina unayotaka. Ukiomba "chenji" tu, utapewa noti za elfu mbili.

Duka dogo lifungue na chenji kiasi gani? Mgawanyo unaofaa kwa 30,000 ni huu: sarafu 20 za mia, 20 za mia mbili, 16 za mia tano, noti sita za elfu moja na tano za elfu mbili. Inaonekana nyingi, mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi aingie mtu na elfu kumi akitaka vitu vya 700. Anadai 9,300: noti nne za elfu mbili, moja ya elfu, mia mbili na mia. Mteja mmoja tu, na elfu mbili imebaki moja. Akija wa pili wa namna hiyo, utamrudishia kwa noti za elfu moja na jero. Wa tatu utamwambia aende duka la jirani, na huenda kesho akaanzia hukohuko.

Muuzaji mzoefu hulikwepa hilo kwa swali moja: "Huna mia mbili hapo?" Vitu ni 3,200, mteja ana elfu tano. Akitoa 5,000 peke yake, anarudishiwa 1,800, yaani buku, jero, mia mbili na mia: vipande vinne. Akiongeza mia mbili, anapewa noti moja ya elfu mbili. Wateja wengine hudhani wanachezewa hesabu. Hawachezewi.

Pipi badala ya chenji ni jambo jingine, na hapo mteja ana haki ya kununa. Pipi ya 50 dukani imenunuliwa jumla kwa bei ya chini, kwa hiyo umeuziwa kitu ambacho hukukiomba, tena kwa faida. Jaribu kesho kulipia mkate kwa pipi uone.

Kwenye maduka makubwa, angalia risiti inakadiriwa wapi, yaani kiasi kinasogezwa wapi ili kilipike kwa sarafu zilizopo. Jumla ikiwa 12,430, kukadiria mara moja mwishoni hadi 12,450 kunakugharimu 20. Bidhaa kumi zikipandishwa shilingi 20 kila moja, umelipa 200. Kanada ilipoacha kusambaza sarafu ya senti moja mwaka 2013, mwongozo ulikuwa kukadiria jumla tu, na kwa anayelipa taslimu peke yake. Mwenye kadi alipe kamili.

Simu imetatua nusu ya tatizo. Kwa lipa namba, 1,350 inaingia 1,350. Lakini ukituma kwa namba ya kawaida ya muuzaji, huenda kukawa na makato juu ya malipo yenyewe. Kenya, ambako kutuma hadi shilingi 100 kwa M-Pesa hakuna makato, mwenye duka anaweza kukurushia hata bob 20 ya chenji. Pasipo na nafuu hiyo, daftari bado linafanya kazi: jina, kiasi, tarehe, na alama ya vema chenji ikishachukuliwa. Iandike mteja akiwa bado mbele yako, maana deni la mia tatu ambalo halikuandikwa huwa mia tano likidaiwa.