Figo na ukoo: maswali ambayo familia za Moshi hutuuliza

Kila Januari, watu wakishashuka kutoka mlimani baada ya Krismasi, kliniki ya figo ninakofanya kazi ya uuguzi hapa Moshi hupokea ndugu waliokuja pamoja, wawili au watatu. Walikaa nyumbani, wakapita kwenye makaburi yaliyo palepale kihambani kati ya migomba na kahawa, wakahesabu miaka ya marehemu, na hesabu ikawashtua. Haya ndiyo wanayouliza.

Baba alifariki kwa figo akiwa na miaka 52. Shangazi naye aliondoka hivyohivyo. Sasa kaka anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Wazee wanasema ni laana. Ni nini hasa?

Poleni sana. Nasikia neno laana karibu kila mwezi na siwalaumu wazee, kwa sababu jambo wameliona kwa macho yao: ugonjwa unapita kwenye damu moja. Walichokosa ni jina lake.

Ugonjwa wa figo wa kurithi unaoongoza duniani ni ule wa vifuko vya maji. Inakadiriwa kwamba humpata mtu mmoja kati ya 400 hadi 1,000, na hauchagui kabila. Figo nzuri ina ukubwa wa ngumi. Kwa mwenye ugonjwa huu, vifuko vidogo vyenye maji huota ndani ya figo zote mbili na kukua polepole kwa miaka mingi, vikibana nyama nzima iliyobaki. Kwenye ultrasaundi figo ya kawaida huonekana kama haragwe la kijivu. Hii huonekana kama sega la nyuki, matundu meusi ya duara yamejazana, makubwa kwa madogo. Nimeona figo za namna hiyo zilizojaza tumbo mpaka mgonjwa akaulizwa mtaani kama ana mimba.

Mara nyingi presha ndiyo hutangulia, tena kwa kijana wa miaka 25 au 30 ambaye hana unene wala hafikirii kupimwa. Baadaye huja maumivu ya ubavuni, mkojo wa damu, maambukizi ya mkojo yasiyoisha.

Kwa nini kaka anao na mimi huenda sina? Si tumezaliwa na baba mmoja na mama mmoja?

Huwa naweka punje mbili mezani, ya mahindi na haragwe. Kila mtu ana jozi ya kila jeni, moja kutoka kwa baba, nyingine kutoka kwa mama. Tuseme baba yenu alikuwa na hindi moja, ambalo ni jeni nzima, na haragwe moja, ambalo ndilo lenye hitilafu. Mama ana mahindi mawili. Mtoto anapotungwa, mama hutoa hindi, hana kingine. Baba hufumba macho na kutoa moja kati ya zile mbili. Likitoka haragwe, mtoto ana ugonjwa. Likitoka hindi, hana, na wala hawezi kuupeleka kwa wanawe. Hauruki kizazi kimoja ukaibuka kwa wajukuu.

Hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu. Husema, "Basi sisi wanne, wawili wataugua, wawili watapona, na kaka na dada wameshaugua, kwa hiyo sisi tumevuka." Hapana. Kila mimba punje hurudishwa mkononi na kuchaguliwa upya, nusu kwa nusu. Watoto wanne wanaweza kupona wote, na uwezekano wake ni 1 kati ya 16. Wanaweza pia kuugua wote kwa uwezekano huohuo. Kuugua kwa kaka yako hakukupi kinga yoyote, na hakukuongezei hatari.

Ukweni wanasema mke ndiye aliyeleta ugonjwa.

Jeni hii hutoka kwa baba au kwa mama kwa usawa, na huenda kwa wana na mabinti kwa usawa. Wapo pia, takriban mmoja kati ya kumi, ambao hitilafu ilianzia kwao wenyewe bila mzazi yeyote kuwa nayo. Hakuna aliyeileta kwa kukusudia, na ndoa isivunjwe kwa sababu hii.

Baba mdogo ana vifuko hivyohivyo lakini ana miaka 70 na bado analima. Mbona kaka amezidiwa akiwa na 45?

Ziko jeni mbili kuu. Ya kwanza inaitwa PKD1, iko kwenye kromosomu (kifungu cha jeni) ya 16, ilitambuliwa mwaka 1994, na ndiyo inayohusika na familia zaidi ya tatu kati ya nne. Ya pili, PKD2, iko kwenye kromosomu ya 4 na ilitambuliwa mwaka 1996. Wenye PKD1 wengi figo hushindwa wakiwa kwenye miaka ya hamsini. Wenye PKD2 hufika sabini na zaidi, na wengine hufa kwa uzee wao tu. Lakini ukoo mmoja kwa kawaida una hitilafu moja, kwa hiyo tofauti ya baba mdogo na kaka yako pengine imo kwenye mambo mengine: presha iliyotibiwa au isiyotibiwa, sigara, chumvi, na vidonge vya maumivu. Ninapomuuliza mgonjwa kuhusu diklofenaki hunijibu, "Ni ya mgongo tu, nanunua duka la dawa." Mgongo wenyewe ulikuwa ni figo.

Kwetu wanaougua ni wajomba tu. Wanawake wako salama.

Swali hili nalipenda, kwa sababu Kiswahili kimeshafanya nusu ya kazi ya daktari. Siku hizi kila mtu ni "anko", nami humrudisha mgonjwa: anko yupi, mjomba au baba mdogo? Majibu hayo mawili yanaelekeza kwenye magonjwa tofauti.

Ugonjwa unaowakamata zaidi wajomba na wana wa dada zao unaweza kuwa ule wa Alport, uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1927. Kwa familia nyingi zenye nao, hitilafu iko kwenye kromosomu X. Mwanaume ana X moja tu, ikiharibika hana ya akiba. Mwanamke ana mbili, hivyo mara nyingi huugua kwa wepesi, ingawa si sahihi kusema yuko salama: naye huwa na damu kwenye mkojo, na baadhi figo zao hushindwa baadaye. Baba mwenye Alport ya namna hii humpa kila binti yake hitilafu hiyo, na hampi mwana hata mmoja. Dalili nyingine ni masikio. Kijana wa kiume mwenye damu kwenye mkojo tangu utotoni, ambaye sasa anaongeza sauti ya redio kila mwaka, asicheleweshwe.

Je, si maji yetu ya Arusha na Meru? Meno yetu yote yana rangi ya kahawia.

Meno hayo ni ya fluoraidi kweli. Ardhi ya volkano ya Meru na Kilimanjaro inaitoa kwenye chemchemi na visima vingi, na katika sehemu nyingine huzidi sana miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Huharibu meno na mifupa. Lakini haioteshi vifuko kwenye figo, na ingekuwa ndiyo sababu, majirani wanaochota kisima kimoja wangeugua pamoja na ninyi. Kitu kingine cha nyumbani ninachokigusa ni magadi ya kulainishia makande na kiburu. Yana sodiamu nyingi kama chumvi, na fluoraidi pia. Mwenye presha au figo dhaifu aloweke maharage usiku kucha na kuyaacha magadi.

Kila figo iliyoharibika kwenye ukoo ni ya kurithi?

Hapana. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima, mjini asilimia 15, vijijini asilimia 2. Tofauti kama hiyo kati ya mjini na kijijini haiwezi kuletwa na jeni peke yake. Presha na kisukari ndivyo vinavyoharibu figo nyingi, navyo hutembea kwenye familia kwa sababu tunarithi mwili na tunarithi pia chungu.

Kati ya hayo mawili ipo jeni iitwayo APOL1. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba aina zake mbili humwongezea mtu hatari ya figo, hasa akizipata kwa wazazi wote wawili. Zimeenea kwa sababu ziliwasaidia mababu: hupambana na vijidudu vya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Ziko kwa wingi Afrika Magharibi, kwetu Mashariki ni chache zaidi.

Nipimwe nini? Na watoto?

Anza na vitu vitatu vinavyopatikana hata kituo cha afya: presha, mkojo wa kijiti, na kreatinini ya damu, yaani taka ambayo figo nzima huiondoa, pale penye maabara. Kisha ultrasaundi. Kwa mwenye mzazi mgonjwa, kati ya miaka 15 na 39, vifuko vitatu au zaidi kwa jumla ya figo zote mbili vinatosha kuthibitisha. Baada ya miaka 40, ultrasaundi safi ni habari njema ya kuaminika. Kwa kijana wa miaka 20 ultrasaundi safi haimalizi shauri, arudie baada ya miaka michache. Kipimo cha jeni kwa wengi hakihitajiki.

Watoto wasio na dalili hatukimbilii kuwapiga picha. Wapimwe presha, kuanzia takriban miaka mitano. Picha ni mazungumzo ya wazazi na daktari.

Ukikutwa nao, kazi kubwa ni presha, na mara nyingi tunalenga chini ya 130/80 kwa dawa kama enalapril au losartan, ambazo mjamzito hapaswi kuzitumia. Ipo dawa ya tolvaptan inayopunguza kasi ya vifuko, ni ghali na inahitaji uangalizi wa ini. Na kama kwenu kuna aliyeanguka ghafla kwa kichwa kikali, sema. Ugonjwa huu huweza kudhoofisha mishipa ya ubongo.

Nataka kumpa kaka figo yangu.

Upandikizaji unafanyika hapa nchini, Muhimbili tangu 2017 na Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018, na ndugu ndiye mtoaji wa kwanza anayefikiriwa. Ndiyo maana lazima ujipime kwanza. Ukitoa figo moja ukiwa na vifuko ambavyo bado hujavijua, tutakuwa na wagonjwa wawili. Ukithibitika huna, toa kwa amani. Figo yako haitaota vifuko ndani ya mwili wa kaka, kwa sababu inaishi na jeni zako.

Bibi hataki kuzungumzia marehemu. Tutapataje historia?

Usimuulize nani alikufa kwa figo. Hilo neno hakulisikia hospitali, wengi hawakufika. Msalimie, kaa naye jikoni, umuulize nani alivimba miguu, nani alikojoa damu, nani alianguka akishika kichwa. Chora huku anaongea, kisanduku kwa mwanaume, duara kwa mwanamke, wagonjwa uwajaze wino.

Dada mmoja wa Kibosho alimleta bibi yake kliniki, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Nilimuuliza bibi kuhusu mwanawe wa kwanza, ambaye kisanduku chake kilikuwa cheupe. "Huyo hakuwa na figo," alisema. "Alikuwa na tumbo. Suruali zilikuwa hazimfungi, sisi tukasema ni mbege. Lakini mbege alikuwa hanywi." Mjukuu alimwangalia, kisha akachukua kalamu na kukijaza wino kisanduku cha baba mkubwa.