Kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha: anza na saa

Ndugu wa mshtakiwa wakifika kwa wakili, hapa Arusha au kule Moshi, swali la kwanza karibu kila mara ni dhamana. Kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, dhamana hakuna. Sheria imeufunga mlango huo kama ilivyoufunga kwa mauaji. Mtu wenu atakaa mahabusu kwenye gereza la Kisongo (Arusha) au Karanga (Moshi) mpaka kesi iishe au shtaka libadilishwe, na akitiwa hatiani kifungo hakishuki chini ya miaka 30. Anayewaambia kwamba ana njia ya kumtoa kwa dhamana kwenye kosa hili anataka hela yenu tu. Nguvu zenu zipelekeni kwenye jambo ambalo bado mnaliweza, nalo ni kukusanya saa: saa ya tukio, saa mlalamikaji alipomtaja mtu kwa mara ya kwanza, saa ya kukamatwa, saa maelezo yalipoanza kuandikwa.

Lakini hati ya mashtaka isomeni kwanza, neno kwa neno. Kosa hili lina viungo vitatu: kuiba, kuwa na silaha ya hatari, na kumtendea mtu nguvu au kumtishia muda mfupi kabla ya wizi, wakati wa wizi au mara baada yake. Maelezo ya kosa lazima yamtaje aliyepigwa au aliyetishiwa. Hati inayosema "aliiba simu na Sh 400,000 akiwa na panga" na kuishia hapo ina pengo, na Mahakama ya Rufani imeshafuta hukumu kwa sababu ya pengo kama hilo. Panga lililokuwa kiunoni bila kumtisha mtu halitoshi. Angalieni pia mali iliyotajwa, rangi yake na namba zake, kwa sababu shahidi atakuja kuieleza kwa mdomo wake, na ikitofautiana na hati, hiyo ni hoja.

Sasa utambuzi. Hapa ndipo watu wasio na hatia hufungwa, na sisemi hivyo ili kuwatetea wezi. Aliyeibiwa usiku ana hofu, ana hasira, na mara nyingi anaamini kwa dhati kwamba amemwona fulani. Ukweli wake hautoshi. Tangu uamuzi wa Waziri Amani dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1980, mahakama zetu zinataka kila uwezekano wa kukosea uondolewe kwanza: shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga upi, kulikuwa na kizuizi gani, na je, alikuwa anamfahamu kabla?

Chukua uchochoro wa Ngarenaro, hapa Arusha, saa nane usiku. Bodaboda amesimamishwa na vijana watatu, mmoja anammulika kwa tochi ya simu. Mahakamani anasema, "nilimtambua kwa mwanga wa tochi." Tochi ilikuwa ya nani, na ilielekea wapi? Mwenye tochi humwona anayemulikwa. Anayemulikwa huona ukali wa taa machoni. Kama anasema kulikuwa na taa ya umeme, maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, yawe mafupi: ilikuwa kwenye nguzo au kwenye baraza la duka, hatua ngapi kutoka pale uliposimama, ilikuwa mbele yako au mgongoni kwa aliyekushambulia? Kusema tu "kulikuwa na mwanga wa kutosha" hakumsaidii hakimu kupima kitu. Basi nendeni eneo lenyewe usiku, saa ileile, mkapime kwa hatua na kupiga picha. Fanyeni ndani ya wiki ya kwanza, kwa kuwa balbu hubadilishwa na kibanda hujengwa.

Kinachofuata ni kumtaja. Kama mlalamikaji alimfahamu mshambuliaji, kwa nini jina halikutoka kwa mtu wa kwanza aliyemkuta, kwa mjumbe, au kwa polisi aliyefungua RB (kumbukumbu ya taarifa kituoni)? Kumtaja mtu mapema, au kueleza mapema umbile lake na nguo zake, huupa ushahidi uzito. Kukaa kimya siku mbili bila sababu huuondolea uzito huo. Wakili aombe maelezo ya kwanza ya mlalamikaji kituoni ayalinganishe na ushahidi wake kizimbani. Na kama gwaride la utambulisho lilifanyika, yaani mtuhumiwa kupangwa mstari na wengine ili shahidi amchague, ulizeni kama shahidi alieleza sura ya mtu kabla ya gwaride, na kama mtuhumiwa hakupitishwa mbele yake koridoni. Gwaride la mtu ambaye shahidi anamjua tangu utotoni halina maana yoyote.

Maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayoandika kwa mtuhumiwa baada ya kumwonya, yana saa zake. Tangu mtu awekwe chini ya ulinzi kwa kosa hilo, polisi wana muda wa saa nne za kumhoji. Wakihitaji zaidi, kuna utaratibu wa kuongeza, na nyongeza ya afisa haizidi saa nane. Muda wa kumsafirisha, kwa mfano kutoka Himo kwenda Moshi mjini, hauhesabiki. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa saa moja asubuhi, maelezo yakaandikwa saa kumi jioni bila nyongeza wala maelezo ya safari, ana hoja ya kweli. Ndiyo maana ndugu aliyekuwepo wakati wa kukamatwa aandike saa hiyo kwenye daftari siku ileile, pamoja na majina ya majirani walioshuhudia. Angalizo moja: saa zetu za Kiswahili huleta mkanganyiko kwenye makaratasi. "Saa nane usiku" ya shahidi inaweza kuandikwa 0200 kwenye karatasi moja na 8:00 usiku kwenye nyingine. Tofauti ya namna hiyo chunguzeni kwanza ilitoka wapi kabla ya kuishangilia, kwani mahakama haiangushi kesi kwa tofauti ndogo zisizogusa kiini.

Mtuhumiwa ana haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki wakati wa kuhojiwa, na ana haki ya kunyamaza. Wengi husaini ili yaishe. Kisha inafika siku ya mahakamani: askari ameshika karatasi, anaomba ipokelewe kama kielelezo, hakimu anamgeukia mshtakiwa na kumuuliza, "Una pingamizi?" Mshtakiwa asiye na wakili hujibu, "Sina, mheshimiwa," akidhani ataeleza kipigo wakati wa kujitetea. Wakati huo atakuwa amechelewa. Pingamizi hutolewa hapohapo, kabla karatasi haijapokelewa: "Napinga, sikuyatoa kwa hiari, nilipigwa," au "sikuyatoa kabisa." Akisema hivyo, mahakama inapaswa kusimamisha kesi ya msingi na kuchunguza suala hilo peke yake. Mwenye majeraha aombe PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) na kuonwa na daktari mapema, na akifika mara ya kwanza mbele ya hakimu aseme wazi ili iandikwe kwenye mwenendo wa kesi. Tena, kielelezo kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti mahakamani. Kisiposomwa, kwenye rufaa huondolewa kwenye kumbukumbu.

Mali ikikutwa kwa mshtakiwa, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, huegemea kanuni ya kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Lazima ionyeshe kwamba mali ilikutwa kwake, kwamba ni ya mlalamikaji kwa alama ya pekee (kwa simu, namba ya IMEI na risiti, kwa pikipiki, namba ya chasisi), kwamba ndiyo iliyotajwa kwenye hati, na kwamba wizi ni wa karibuni. Simu hupita mikono mitatu kwa wiki moja, pikipiki huenda taratibu zaidi. Someni hati ya ukamataji mali: nani alisaini, kulikuwa na shahidi huru? Na kama mshtakiwa aliinunua, ataje aliyemuuzia tangu siku ya kwanza.

Utetezi wa kwamba hakuwepo una masharti yake. Taarifa itolewe kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au walau maelezo yake yapelekwe kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Mkichelewa, mahakama inaweza kutoupa uzito. Kama alikuwa zamu ya usiku kwenye lodge, tafuteni daftari la mahudhurio sasa, pamoja na mtu aliyelijaza.

Mtu akifa kwenye tukio, mambo hubadilika: kesi itasikilizwa na Mahakama Kuu au hakimu aliyeongezewa mamlaka, na mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Kinachobishaniwa huwa nia ovu, nayo hupimwa kwa mambo kama haya: silaha gani, pigo la wapi, mapigo mangapi, alisema na kufanya nini kabla na baada. Waliopigana ghafla kwenye kilabu cha mbege (pombe ya ndizi), mmoja akaanguka kwa pigo moja la fimbo, wako mbali na aliyemvizia mwenzake njiani. Ya kwanza mara nyingi ni kuua bila kukusudia, ambako adhabu iko mikononi mwa jaji hadi kifungo cha maisha. Kwa kuua kwa kukusudia sheria imempa jaji adhabu moja tu, ya kunyongwa.

Akifungwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, taarifa ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na sababu za rufaa ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu huondolewa kwenye hesabu hiyo. Siku 10 hizo hupotea wakati ndugu wanachanga hela ya wakili. Hakuna haja ya kusubiri hela hiyo. Mfungwa anaweza kuitoa taarifa hiyo gerezani kupitia mkuu wa gereza, hata kesho yake asubuhi.