Wenza 80, na faili haishuki

Juzi kijana mmoja wa Chake Chake alinitumia picha ya skrini. Alikuwa akishusha Debian, mfumo endeshi wa kompyuta, toleo lililokuwa limetoka siku hiyo hiyo. Alitumia torenti, ambapo wenye faili na wanaoitaka, yaani wenza, hupeana vipande vyake wao kwa wao. "Fundi, nimeungana na wenza 80, mbona haishuki?" Kikomo cha miunganisho alishakipandisha hadi 500, ruta ikaanza kuzubaa, na WhatsApp ya mama yake ikakwama. Hilo la ruta halikunishangaza: kila muunganisho hushika nafasi kwenye kumbukumbu yake, na ruta za nyumbani hujaa upesi.

Muunganisho ni hodi iliyoitikiwa, basi. Katika BitTorrent, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya torenti, hodi hiyo ni baiti 68: jina la itifaki, alama ya faili mnayoitaka, na kitambulisho cha mpiga hodi. Alama zikilingana mnakaa barazani. Kahawa, yaani data yenyewe, bado.

Maana kila muunganisho huanza umebanwa. Mwenza hukwambia vipande alivyonavyo, nawe unamwambia unavihitaji, kisha unangoja akuachie. Hawaachii wote. Kwa utaratibu wa Bram Cohen, aliyeitoa BitTorrent mwaka 2001, anayeshusha huachia wachache tu, wanne hivi, akiwapima upya kila sekunde 10, na kwanza huwaangalia wale wanaompa na yeye. Nafasi moja huizungusha kwa bahati kila sekunde 30, ili na mgeni aonje.

Ukishaachiwa ndipo unapoomba: namba ya kipande, pa kuanzia, na urefu, kwa kawaida kilobaiti 16. Hapa ndipo kasi ilipo. Tuseme kwenda na kurudi Ulaya ni milisekunde 200. Ukiomba kimoja, ukangoja kifike, ndipo uombe chengine, unapata vitano kwa sekunde: kilobaiti 80. Ukitanguliza maombi kumi kwa pamoja, muunganisho ule ule mmoja unaweza kukupa 800.

Nikamwambia afungue orodha ya wenza kwenye qBittorrent, programu yake ya torenti, atazame safu ya alama. Herufi d ndogo ni mwenza unayemtaka lakini amekubana; D kubwa ni yule anayekupa. Safu nzima ilikuwa d, D mbili tu. Kumbe kikomo cha kupakia alikiweka kilobaiti 1 kwa sekunde, "nisimalize bando."

Tukakipandisha hadi 50, miunganisho tukaishusha hadi 60. Baada ya dakika chache d zikaanza kugeuka moja moja, na mama akarudi kwenye WhatsApp yake.